Akisema jirani ni uchochezi, akisema mjomba ni utani

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Januari 2008 nilikuwa Kidato cha Pili, na familia yetu ililala kanisani kwa wiki mbili kwa ajili ya ghasia za baada ya uchaguzi. Siku hizi tuna kundi la ukoo kwenye WhatsApp, watu zaidi ya 80, nami ni mmoja wa maadmini. Mwezi uliopita mwanasiasa wa jamii jirani alitutusi hadharani, nami nikawa wa kwanza kuandika kwamba akamatwe. Siku nne baadaye mjomba akaweka kundini maneno mabaya vilevile kuhusu jamii hiyo. Alisema ni wadudu, na kwamba siku moja shamba litapigwa dawa. Wengi wakacheka. Mimi nikajiambia, "Huyu ni mjomba, anatania tu." Mdogo wangu akanipigia simu akaniita mnafiki. Je, ni kweli? Maneno ya mjomba hayanibadilishi mimi, ila nawahofia vijana wetu. Niyafute? Nimtoe kundini? Na si naye ana uhuru wake wa kusema?

Jibu: Mwalimu, ndugu yako ameona kitu cha kweli ila amekipa jina lisilo lake. Mnafiki anajua anachoamini, kisha anaonyesha kingine. Wewe ulihukumu mara mbili, na mara zote mbili ulikuwa mkweli. Ulipokasirika ulikasirika kwelikweli, na ulipomsamehe mjomba ulimsamehe kwelikweli. Mizani iligeuka mkononi mwako bila wewe kuhisi, na hilo ni gumu kulitibu kuliko unafiki, kwa sababu mnafiki angalau anajua pa kuanzia.

Hauko peke yako. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Marekani, Prothro na Grigg, walichapisha matokeo ya mahojiano waliyofanya katika miji ya Ann Arbor na Tallahassee. Walipouliza mambo kwa ujumla, kwamba walio wachache wawe huru kuwashawishi walio wengi, karibu kila mtu aliitikia. Walipoteremka kwenye mambo yenye sura, kwamba mtu fulani asimame katika mji huu huu aseme dhidi ya kanisa, au mkomunisti apewe jukwaa, watu walewale wakagawanyika vibaya. Kila mtu anaupenda uhuru wa kusema mpaka apatikane msemaji.

Baadaye Sullivan na wenzake wakalifukua jambo hili zaidi. Katika miaka ya 1970 wengi walidhani Wamarekani wamekuwa wavumilivu kuliko miaka ya 1950, kwa kuwa walikubali zaidi wakomunisti wapewe nafasi ya kuzungumza. Sullivan akauliza kwa njia nyingine: kwanza nitajie kundi unalolichukia kuliko yote, halafu niambie kama unaliruhusu lifanye mkutano. Uvumilivu ukapungua mno. Ilionekana kwamba watu wengi walikuwa wamehamisha chuki tu. Mkomunisti hakuwatisha tena kama zamani, na kumvumilia asiyekutisha si kazi.

Lakini utafiti unaokugusa wewe hasa, Mwalimu, ni wa 2017, wa White na Crandall. Waliwapa watu visa vya mtu aliyeadhibiwa kwa maneno aliyoyasema. Katika baadhi ya visa alikuwa amewatusi watu weusi, na katika vingine alikuwa amewasema vibaya polisi au watu wa kazini kwake. Waliokuwa na ubaguzi mwingi walimtetea mbaguzi kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Zamu ya yule aliyewasema polisi ilipofika, hoja ile haikuonekana tena. Kama ingekuwa kanuni, ingesimama pande zote mbili. Ilikuwa mwavuli, unaofunguliwa pale tu mvua inapomnyeshea wetu.

Sasa utaniuliza, kwani mimi ni mbaguzi? Sijui yaliyo moyoni mwako na sitajifanya najua. Najua lakini kwamba akili ya mtu, ikisikia neno kali, haianzi na neno. Inaanza na kuuliza: huyu ni wetu? Jibu likishapatikana, sababu hufuata nyuma kama mkia. Akiwa wetu, tunatafuta nia yake: "alikuwa anatania, yeye ndivyo alivyo, ana moyo mzuri." Akiwa wao, hatuitafuti nia, tunatazama madhara: "maneno hayohayo ndiyo yaliyotuchoma." Mjomba ulimhukumu kwa nia, mwanasiasa ukamhukumu kwa madhara. Rudia ulichoandika kuhusu kila mmoja utaona.

Kuna jingine, nalo nalisema kwa heshima. Ulilala kanisani 2008. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu vifo 1,133, na Nakuru ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Mtu aliyepitia hayo hasikii maneno kama mtu aliyeyasoma magazetini. Neno kama "madoadoa", ambalo kwa mtoto wako darasani ni vidoa tu kwenye shati, kwa watu wa Bonde la Ufa ni amri ya kuwafukuza majirani, na limekuwa hivyo tangu mapigano ya miaka ya 1990. Mwaka 2022 lilimpeleka seneta mmoja kortini baada ya kulitamka kwenye mkutano Eldoret. Kwa hiyo sikulaumu kwa kuruka uliposikia tusi la yule mwanasiasa. Hofu yako ina historia. Ubaya wa hofu ni kwamba inatazama upande mmoja tu, kule mkuki ulikotokea mara ya mwisho.

Na hofu inachochewa kirahisi. Nelson na wenzake, katika utafiti wa 1997, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu Ohio taarifa za habari kuhusu mkutano wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi wa Marekani. Mkutano ulikuwa mmoja, taarifa mbili. Ya kwanza ilizungumzia haki ya kusema na kusikiliza, ya pili ikazungumzia fujo na polisi waliokuwa wakilinda. Waliotazama ya kwanza walikuwa wepesi zaidi kuwaruhusu Klan. Tusi la mwanasiasa ulilipokea vipi wewe? Nadhani lilikujia likiwa klipu ya sekunde 20, juu yake pameandikwa "MNAONA WANACHOTUPANGIA?" Na la mjomba lilikujia likifuatiwa na sura za kucheka. Ulikuwa umeshaambiwa namna ya kusikia kabla hujasikia.

Nije kwenye sentensi yako niliyoipigia mstari: "Maneno ya mjomba hayanibadilishi mimi, ila nawahofia vijana." Davison, msomi wa mawasiliano, aliandika kuhusu sentensi hii mwaka 1983, akaanza na kisa cha Iwo Jima, kisiwa cha Japani, katika Vita vya Pili vya Dunia. Kulikuwa na kikosi cha wanajeshi weusi wa Marekani chini ya maafisa weupe. Wajapani wakadondosha vipeperushi: hivi ni vita vya mzungu, msife kwa ajili yake, jisalimisheni au torokeni. Kesho yake kikosi kikaondolewa pale. Davison hakupata dalili yoyote kwamba vipeperushi viliwayumbisha wanajeshi. Walioyumba ni maafisa, ambao barua haikuwa yao, kwa kuwa waliamini kwamba askari wao wangeyumba. Tangu hapo imepimwa mara nyingi: tunaamini kwamba maneno mabaya yanawaathiri wengine kuliko sisi, na kadiri tunavyoamini hivyo ndivyo tunavyotaka yazuiwe. Kijana wa miaka 19 katika kundi lenu, ukimuuliza, atakuambia hayamgusi ila anawahofia wazee, maana wao huamini kila kitu.

Mimi mwenyewe nimewahi kushikwa hapo. Nilicheka kwenye matatu kichekesho cha kikabila, nikajiambia nimecheka kwa sababu nimesoma na najua mipaka. Aliyeketi jirani yangu hakujua kwamba nimesoma. Alichojua ni kwamba mzee mwenye miwani amecheka.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Tunadhani maneno ya chuki hufanya kazi kwa kuingia moyoni mwa mtu na kumgeuza. Mara nyingine ndivyo. Watafiti wa Poland, Soral na wenzake, walionyesha 2018 kwamba anayekutana nayo mara kwa mara hufa ganzi, na ganzi ile humwongezea ubaguzi. Lakini njia kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni nyingine: maneno hayo humwambia mtu *wengine* wanafikiri nini, na kwamba hapa petu hili linasemeka.

Rwanda inatufundisha hili kwa uchungu. Redio RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na haikuanza kwa kunguruma. Ilikuwa na muziki mzuri wa Zaire, watangazaji wachangamfu, simu za wasikilizaji, na mizaha mingi. Ilikuwa redio ya vijana. Neno *inyenzi*, yaani mende, walivyoitwa Watutsi, lilipita katikati ya vicheko kabla halijapita katikati ya vizuizi vya barabarani wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Wasomi hawajakubaliana ni kiasi gani redio yenyewe ilisababisha mauaji. Scott Straus, aliyewahoji wauaji wengi magerezani, anaona mchango wake ni mdogo kuliko tunavyosimuliana. Yanagizawa-Drott naye alitumia milima ya nchi ile: kuna vijiji vilivyopata mawimbi na vingine vilivyokingwa na kilima, akalinganisha. Mwaka 2014 alikadiria kwamba karibu sehemu 1 kati ya 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio hiyo. Kilichonishika mimi ni hiki: katika mauaji ya makundi ya wanamgambo, athari ilivuka hadi vijiji jirani. Maneno hayakukaa kwa aliyeyasikia. Yalitembea na watu.

Upande wa pili wa sarafu nao ulipimwa hukohuko. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia kwa mwaka mzima vikundi vya Wanyarwanda waliosikiliza mchezo wa redio kuhusu vijiji viwili vya kubuni vilivyogombana na kupatana, akavilinganisha na vikundi vilivyosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Matokeo yake ya 2009 yaliwashangaza wengi. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna walivyoona mambo yanayokubalika katika jamii yao, na vitendo vikafuata. Mwishoni vikundi vilipewa redio kaseti na kanda zake. Vile vya mchezo wa afya vilielekea kukubali tu kwamba kiongozi atunze. Katika vile vya mchezo wa upatanisho watu walinyanyuka wakapinga, wakajadiliana, wakaamua kuvitunza kwa pamoja. Imani za moyoni zilibaki karibu palepale, ila mtu alijifunza kwamba kupinga kunawezekana.

Turudi Nakuru. Swali la "nani anasema" si baya. Hata wataalamu wa sheria waliokutana Rabat, Morocco, mwaka 2012, kupanga vigezo vya kutambua uchochezi, waliliweka katika vigezo vyao sita, pamoja na mazingira, nia, maudhui, ukubwa wa hadhira na uwezekano wa madhara. Tofauti ni kwamba wao hawakuuliza "ni wetu?" Waliuliza: ana hadhi gani mbele ya wanaomsikiliza? Lipime kundi lenu kwa swali hilo. Yule mwanasiasa ana uzito gani kwa watu wako 80? Hana hata chembe. Angesema jua linachomoza mashariki, wangetoka nje kuhakikisha. Mjomba je? Amelipa karo za watu, amesimamia mahari, akikohoa kikao kinanyamaza. Neno la mwanasiasa ni hatari kwa watu *wake*, na huko ndiko mnakotamani atokee mtu wa kumkemea. Neno la mjomba ni hatari kwa watu *wenu*, na huko ni wewe. Akili yetu imelipindua: inamwogopa asiyeweza kutushawishi, na inamsamehe anayeweza.

Kuhusu utani. Mjomba amelitumia vibaya neno lenye heshima yake. Utani wa makabila Afrika Mashariki ni taasisi kamili. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, leo ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi wana utani wa tangu enzi za misafara. Mtani hukutukana usoni, nawe unamrudishia, naye hana ruhusa ya kununa. Na msiba ukikufika, mtani huyohuyo ndiye anayekuja kuhudumu, anachekesha waliofiwa huku akishika kazi. Sasa ipime ile ya mjomba. Anayesemwa yupo kundini? Hayupo. Anaweza kurudisha? Hawezi. Mjomba atakwenda kumzikia? Na "shamba kupigwa dawa", hapo palipo na kicheko ni wapi? Utani humkuza mtu hata unapomtukana, maana unamfanya mtu wa kujibizana naye. Mdudu hajibizani na mtu. Neno lolote linalomtoa mtu katika ubinadamu, likiambatana na kitendo cha kumwondoa, si la kuwekwa kwenye kapu la utani, hata likisemwa na mzee mcheshi kuliko wote.

Uhuru wake wa kusema anao, ndiyo. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa, na kifungu hichohicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 imeweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Nayo haiangalii nia pekee. Inatosha kwamba, kwa hali ilivyokuwa, chuki ya kikabila ilielekea kuchochewa. Lakini nakusihi usianze na sheria. Uhuru wa kujieleza ni ngao dhidi ya serikali. Haukulazimishi wewe, admini wa kundi la ukoo, kuwa ubao wa matangazo ya kila mtu, wala haukukatazi kumjibu mjomba. Kumjibu ndio uhuru wako wewe.

Nami sipendi mwelekeo wa kutaka kila neno baya lishtakiwe. Sheria za namna hii huwa zinawapata wadogo upesi na wakubwa kwa shida. Tena mtu aliyefikishwa mahakamani hurudi nyumbani shujaa, hasa miezi ya uchaguzi. Ndiyo maana nasisitiza kazi inayoweza kufanywa ndani ya nyumba kabla ya polisi kuitwa.

Sasa la kufanya. Kwanza, usijibu ukiwa na joto, uwe umekasirika au unacheka. Marcus na wenzake, katika majaribio waliyochapisha 1995, waliona kwamba waliohimizwa kufuata wanachofikiri walikuwa wavumilivu zaidi kuliko waliofuata hisia. Kabla ya kuhukumu chochote kinachoingia kundini, kiandike pembeni, badilisha jina la jamii uweke lenu, usome kwa sauti. Likikuchoma, limechoma. Fanya hivyo pia kwa yale yanayowahusu ninyi: weka jina lao mahali penu uone kama bado ungetaka mtu akamatwe. Mara nyingine utakuta ulichoita uchochezi kilikuwa ukosoaji mchungu wa kisiasa, na hicho lazima ujifunze kukimeza.

Mjomba mpigie simu, usimwandikie. Wewe ni mpwa wake, na katika jamii zetu nyingi mpwa ana mlango kwa mjomba ambao hata watoto wake hawana. Usimwambie "wewe ni mkabila", atajifunga mlango hapohapo. Mwambie lililokupata wewe: "Mjomba, ile ya dawa ilinirudisha kanisani 2008. Walianza hivihivi." Muombe aifute mwenyewe. Akiifuta yeye, kundi limejifunza kitu. Ukiifuta wewe, kundi litajadili wewe.

Lakini simu haitoshi, na hapa watu wengi wapole hukosea. Waliocheka hawataisikia simu yenu. Vijana waliokuwa kimya walihesabu vicheko, na kimya chako wewe mwalimu walikihesabu pamoja navyo. Ndiyo maana lazima kundini pia paonekane neno, fupi, lisilomvunjia mzee heshima: "Nimezungumza na mjomba. Hapa hatutawaita watu wadudu, hata kwa mzaha. Tuendelee na harambee." Usihubiri. Utashangaa wangapi watakuandikia pembeni wakikushukuru. Waombe hao waandike hadharani, hata neno moja, kwa kuwa shukrani za faraghani hazimfikii kijana anayehesabu.

Kumtoa kundini ni dawa ya mwisho. Ukimtoa atafungua kundi lake, na huko hutakuwepo wewe. Lakini akirudi na maneno yanayotaja nyumba, njia, siku, au "tukutane mahali fulani", hapo hatuzungumzii tena mitazamo ya watu. Piga picha ya skrini, futa ujumbe, na utoe taarifa polisi au kwa Tume ya Utangamano siku hiyohiyo, awe mjomba au asiwe.

Na mdogo wako mpe uadmini. Alikupigia simu badala ya kukuaibisha mbele ya watu 80, na alisikia ambacho wewe hukusikia.